Wiki Tatu Bila Kalamu

Marehemu alifika studioni saa nne kasoro robo asubuhi, kavaa koti la heshima na viatu vinavyong'aa, akamkumbatia Mama Mchezo kwa nguvu hadi miwani ya mwenzake ikapinda.

"Umenifufua, mama! Miezi minane nasugua benchi nyumbani, leo nimeitwa kazini. Mungu akuzidishie."

Mama Mchezo alicheka naye, maana mtu akikukumbatia kwa furaha kiasi kile huna budi kucheka, lakini hakuelewa anashukuriwa nini. Mzee huyu alikuwa mwigizaji wa redio, mwenye sauti nzito ya kutetemesha vikombe, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa Mwenye Duka katika mchezo wa jioni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Mama Mchezo. Aliuandika tangu siku ya kwanza, siku tano kwa wiki, miaka kumi na miwili, na jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika hapo redioni kitambo. Sasa, huyo Mwenye Duka alikuwa amekufa. Presha ilimwangusha nyuma ya kaunta, na Mama Mchezo ndiye aliyemuua kwa kalamu yake mwenyewe, akamzika hewani kwa wiki nzima, wasikilizaji wakaleta barua za rambirambi zikajaa magunia mawili.

Aliichukua karatasi mkononi mwa mzee. Sehemu ya elfu tatu mia moja na kumi na nne, ukurasa wa tatu. Mke wa Mwenye Duka, binti yake na mkwe wake wako mezani. Halafu: *Mwenye Duka anakohoa, anavuta kiti. "Hiyo chai ina sukari, au mmenibakizia maji ya moto?"*

Aliurudia mstari ule kwa kidole.

Ukurasa ule aliukumbuka vizuri, na hilo ndilo lililomtisha kupita yote. Kama karani angekuwa amechanganya makaratasi, angepata wa kumlaumu. Lakini aliukumbuka: ilikuwa Jumanne, amekaa dirishani, wiki nzima maneno yanatoka kwa kuvutwa kama jino, na ghafla Mwenye Duka akavuta kiti, akaomba chai, na mkono ukateleza kurasa mbili bila kusimama. Alifurahi. Alijiambia, mzee huyu hajawahi kuniangusha. Kwamba alikuwa amemzika, hilo halikumjia kabisa.

Bosi akatokea mlangoni. Bosi ndiye mtayarishaji wa mchezo, bwana wa miaka arobaini, mpole, aliyeitwa hivyo kwa utani kwa sababu hakuwahi kumfokea mtu.

"Mama, tuelekeze kidogo," alisema. "Ni ndoto au ni mzimu? Fundi mitambo anauliza aweke mwangwi au asiweke."

Hapo ndipo alipojua kwamba wote walikuwa wameona. Karani aliyechapa aliona. Aliyetoa nakala aliona. Waigizaji wanne walisoma majumbani kwao wakaona. Wala hakuna aliyefungua kinywa, maana miaka kumi na miwili ilikuwa imewafundisha kwamba Mama Mchezo ana lake jambo, na ukimuuliza mapema utajiaibisha. Sifa nyingine ni balaa. Angekuwa mwandishi wa ovyo ovyo, mtu angempigia simu siku ile ile.

"Ndoto," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

"Ndoto ya nani?"

"Ya... ya mjane."

Bosi alifunua ukurasa wa nne, akasoma taratibu, akiinua nyusi moja. "Mbona wote watatu wanamjibu? Mkwe anampa na mkate."

Yule mzee mwigizaji alianza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Bosi aliwaomba wote watoke wakanywe maji, akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Mama, mara ya mwisho ulipumzika lini?"

"Nilipojifungua kitinda mimba wangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Ameoa."

Bosi alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu aliona mikono ya Mama Mchezo. Ilikuwa inaukunja ule ukurasa, inaukunjua, inaukunja tena. Akampangia wiki tatu. Redio itarudia sehemu za zamani, wasikilizaji watalalamika siku mbili halafu watazoea. Yeye aache madaftari, aache kalamu, asiandike hata orodha ya sokoni.

"Usinipumzishe, Bosi, nakuomba," alisema, na akajishangaa kusikia anaomba kama mtoto. "Nipe kazi mara mbili. Usinipumzishe."

Bosi alidhani anaogopa nafasi yake kuchukuliwa, akaanza kumtuliza kwamba hakuna wa kuweza kuvaa kiatu chake. Wala siyo hilo. Kuna jambo ambalo Bosi hakulijua.

Mama mzazi wa Mama Mchezo na dada yake alikuwa mwalimu, wa wale wanaokutana na mzee mwenye mvi barabarani wakamtajia dawati alilokaa na alama alizopata. Baba alipokufa, mama alivumilia vizuri tu, akalia, akanyamaza, akaendelea na maisha. Mwaka wa sita, asubuhi moja, akaandaa meza, akaweka kikombe cha baba mahali pake, akamimina chai, akakaa akisubiri. "Mbona baba yenu hatoki chumbani? Chai inapoa." Walicheka wakidhani ni mazoea ya mkono. Miaka minne baadaye mama hakujua kijiko ni kitu gani.

Na sasa mwanawe amemwekea marehemu kiti mezani, akampa chai. Na mkate juu yake.

Aliyemuuguza mama miaka ile minne ni Dada Mkubwa. Mama Mchezo alikuwa anaandika. Alikuja Jumapili, nusu saa, na daftari mkobani. Jambo hili dada yake hakuwahi kumtupia usoni, na pengine ndiyo maana lilimuuma kila alipolikumbuka. Ni kwa dada huyo huyo Bosi alikompeleka, kwa gari lake, na begi dogo, na maagizo mengi mlangoni kama anakabidhi dawa ya hatari.

Dada Mkubwa alikuwa fundi wa mapazia. Chumba chake cha mbele kilijaa majora ya kitambaa hadi darini, na katikati kulikuwa na meza ya kukatia, cherehani mbili na pasi isiyopoa. Alimtazama mdogo wake kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekonda. Kaa pale. Ukichoka kukaa, lala. Ukichoka kulala, kuna kulabu za pazia, zipachike."

"Ndiyo hiyo tiba?"

"Ulitaka nikuimbie?"

Watu husema kupumzika ni raha. Hao ni watu waliokuwa wazima kabla ya kukaa. Mama Mchezo alikaa kwenye kile kiti, na siku ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko mwezi. Kwa miaka kumi na miwili kichwani mwake waliishi watu ishirini na kitu, wanagombana, wanaposana, wanaazimana sufuria, na yeye kazi yake ilikuwa kuwasikiliza tu na kunakili. Hata akioga walikuwa wanapiga domo. Sasa hapakuwa na mtu. Aliwaita mmoja mmoja kimyakimya. Mjane hakuitika. Binti hakuitika. Alimwita hata mkwe, ambaye kwa kawaida humnyamazishi. Kimya tupu, na cherehani ya dada yake.

Ndipo woga wenyewe ulipoingia. Redioni alikuwa ameshtuka tu. Hapa aliogopa kwa utulivu, kutwa. Zamani alikuwa na mbio. Kila akihisi kuna pengo kichwani, alilipita mbio, kesho kuna sehemu nyingine inasubiri. Sasa ameketishwa mbele ya pengo lenyewe alitazame.

Akaanza kujipima. Aliwataja majirani wote wa nyumba waliyokulia, upande wa kulia kwenda kushoto. Alitaja siku za wiki kinyumenyume. Alitaja wajukuu wa dada yake kwa umri, halafu kwa alfabeti, halafu akaanza upya kwa kuwa alipata wanane na walitakiwa kuwa tisa. Wa tisa alimjia wakati anapiga mswaki, na badala ya kufurahi alikaa kwenye ukingo wa bafu, akawahesabu upya wote tisa.

Siku ya sita alikuwa anapachika kulabu, dada yake akamuuliza anatafuta nini mezani.

"Natafuta ile... kile..." Aliinua kidole chake. Neno halikuwapo. Alilitafuta kila mahali, akaona sehemu lilipokuwa limekaa miaka yote, na ni patupu. "Kile kikofia cha kidole."

Dada Mkubwa alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Kikofia cha kidole! Jamani, wewe na maneno yako. Kastabini hii hapa. Nitawaambia wateja wangu, kikofia cha kidole."

Naye alicheka pia, sauti kubwa kuliko ya dada yake. Ilikuwa kama studioni vile vile: akiteleza, watu wanapiga makofi. Siku atakapopotea njia ya kurudi nyumbani, watasema ni msanii huyo, anapenda kutembea.

Kesho yake akaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, akaenda hospitali peke yake.

Daktari wa mambo ya kumbukumbu alikuwa bwana wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, foleni ndefu nje na haraka hana. Alimuuliza tarehe, siku, mwezi. Alimchoresha saa na kumwambia aweke mishale. Alimhesabisha kurudi nyuma kwa saba saba, na hapo Mama Mchezo alisitasita, lakini hesabu hakuwahi kuziweza hata akiwa na miaka kumi. Halafu daktari akasema, "Nitakutajia maneno matano. Yashike. Baadaye kidogo nitakuuliza. Kiti. Mvua. Ufunguo. Mjomba. Sabuni."

Aliyashika. Dakika kumi baadaye akayataja yote matano, kwa mpangilio, bila kumeza mate. Daktari akatabasamu, akamwambia hana dalili ya ugonjwa wa mama yake, ila amechoka sana, aendelee kupumzika.

Mwingine angetoka pale akiruka. Mama Mchezo alifika getini, akashika nguzo. Alikuwa ameiba mtihani.

Hakuwa ameyashika maneno yale. Aliyatungia kisa. Daktari alipotaja tu la tano, yeye alishamweka mjomba mtu kwenye kiti, mvua inanyesha, ufunguo umetumbukia kwenye ndoo ya sabuni na mjomba hataki kulowesha mkono. Ni ujanja wa kazi, anaufanya kila siku bila kufikiri. Kuyataja maneno baada ya hapo ni kuangalia picha na kusema kilichomo. Kwa hiyo daktari hakupima kumbukumbu, alipima ufundi, na ufundi ni kama fundi seremala mlevi: mikono itapiga msumari sawasawa hata kama kichwa hakipo. Tena, mama yao si alifundisha jedwali la kuzidisha miezi mingi baada ya kusahau majina ya wanawe?

Jibu zuri alilolitamani, alikuwa amejinyang'anya mwenyewe. Sasa hakuwa na jibu la uzima wala la ugonjwa, na hakuwa na uso wa kurudi. Kwa siku nane alibeba siri hiyo nyumbani kwa dada yake. Chakula kilimshinda. Dada akiuliza, anasema joto. Alipachika kulabu mia tatu, zingine kichwa chini.

Zile za kichwa chini ndizo zilizomfichua. Dada Mkubwa alilitandaza pazia mezani, akaziona, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. Mtu akitoa pini mdomoni hivyo, ujue anataka nafasi ya kusema.

"Haya. Nini?"

"Hakuna kitu, dada."

"Mimi nimelala chumba kimoja na wewe miaka kumi na tisa. Nini?"

Akamwambia. Alianza na kastabini, akarudi kwa Mwenye Duka na chai yake, akamalizia kwa mjomba na ndoo ya sabuni, analia bila kujificha, kamasi na vyote. "Ni yale ya mama, dada. Yananijia. Na nimemdanganya daktari, sasa hata nikienda tena hawezi kujua."

Dada Mkubwa alizichomeka zile pini kitambaani, zote, ndipo akainua uso.

"Ulimpimaje mama, wewe?" akauliza. "Kwa nusu saa zako za Jumapili?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtupia jambo lile usoni. Mama Mchezo aliinamisha kichwa.

"Siyo kukusuta, nataka unisikilize, kwa sababu mimi nilikuwapo," dada yake aliendelea, na sauti sasa imeshuka. "Mama hakuogopa hata siku moja. Alikuwa anamimina ile chai ana raha zake. Sisi ndio tuliokuwa tunaogopa. Mama asingeweza kuudanganya mtihani na kuja kulia. Asingejua kwamba kuna mtihani. Hilo halikuponyi, mimi siyo daktari. Lakini usiniambie ni yale yale. Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Kwa daktari, ukaungame. Na mimi nakaa mlangoni usitoroke."

Daktari alimkumbuka. Mama Mchezo hakukaa hata kitini, alisimama mbele ya meza kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi kwenye soksi, akasema yote. Alitegemea kufokewa. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii," alisema. "Wewe wa kwanza kurudi kulalamika kwamba umefaulu."

"Nipime tena, daktari. Bila hila."

"Sawa. Safari hii usitunge. Maneno matupu, uyashike yalivyo. Ngazi. Chumvi. Tarumbeta. Jirani. Blanketi."

Alifumba macho. Alijikaza. Ngazi, basi. Chumvi, basi. Aliyapanga kama visahani kwenye rafu, kila kimoja mbali na mwenzake, akasimama mbele yake kulinda. Daktari akaanza kumuuliza mambo mengine, akamtajisha wanyama, akamnakilisha mchoro wa masanduku, na wakati wote yeye analinda rafu. Halafu jirani akaondoka mahali pake.

Hakumwita, na hilo ningependa lieleweke. Jirani mwenyewe aliinuka, mwanamke mnene kiasi, wa miaka hamsini na kitu, amevaa kandambili, akachukua ngazi akaiegemeza ukutani kwake mchana kweupe, akapanda taratibu akiwa na tarumbeta kwapani. Mama Mchezo alimwambia arudi. Hakurudi. Alifika juu ya bati, akakaa, akafuta mdomo wa tarumbeta kwa kiganja, akatazama nyumba ya pili. Anamtafuta nani? Tarumbeta kalitoa wapi mwanamke wa makamo? Na mbona mikono inamtetemeka vile, kwani naye anaogopa?

"Mama," daktari alikuwa anasema. "Mama. Yale maneno."

"Ngazi," alisema. "Jirani. Tarumbeta."

"Na mengine?"

Alitazama. Rafu ilikuwa tupu. Chochote kilichokuwapo kilikuwa kimeanguka wakati yeye yuko juu ya bati. "Hayakuwamo kwenye kisa," alisema kwa sauti ndogo.

"Chumvi na blanketi."

Daktari aliandika, akaandika tena, na Mama Mchezo aliitazama ile kalamu inavyotembea roho ikiwa juu. Daktari akamuuliza kilichotokea, naye akamweleza habari za jirani, akiona haya. Daktari alisikiliza. Akamuuliza ni lini mara ya mwisho kitu kama hicho kimemjia bila kukiita. Alifikiri. Alitaka kusema mwezi uliopita, lakini mwezi uliopita alikuwa anavuta kwa kamba. Ukimwacha marehemu na chai yake, mwaka? Alishindwa kujibu, si kwa kusahau, bali kwa aibu.

"Nitakwambia ninachokijua na nisichokijua," daktari alisema. "Kwa leo, nikijumlisha vipimo vyote viwili, sioni ugonjwa. Naona mtu aliyechoka kwa miaka na anayeogopa sana. Woga peke yake unaweza kumnyang'anya mtu jina la mwanawe. Lakini sikuandikii hati ya uzima ya milele. Maliza mapumziko yako, kisha urudi baada ya miezi sita."

"Na baada ya hiyo sita?"

"Tutaangalia tena."

Hakuwa amepona woga, msidhani. Aliubeba kutoka pale kama alivyoingia nao, ila njiani aligundua kwamba kwa dakika nzima, wakati wanasubiri kuvuka barabara, hakuwa amejipima. Alikuwa anamfikiria yule mwanamke juu ya bati. Naye huyo alikuwa ameshaanza kupuliza, vibaya sana, na mlango wa nyumba ya pili ulikuwa umefunguliwa.

Walipofika, Dada Mkubwa alirudi kwenye pazia lake. Mama Mchezo hakuvua hata viatu.

"Dada, nipe kalamu."

"Zimebaki siku sita."

"Kipande cha penseli basi. Hata hiyo chaki yako."

"Siku sita. Wewe nakujua, ukishika leo mstari mmoja, kesho umeandika vitabu viwili na kesho kutwa tuko tena hospitali. Nilimuahidi Bosi wako, na daktari nimemsikia mlangoni pale."

"Itapotea!" Sauti ilimpasuka. Aliziba mdomo kwa mkono, kisha akautoa. "Huelewi. Siku sita nitaiweka wapi? Nikiamka kesho nikakuta haipo, nitajuaje kama imeondoka kama zinavyoondoka siku zote, au ni kichwa kinaanza? Siwezi kulala nayo humu ndani peke yangu. Naogopa, dada."

Dada Mkubwa alikuwa na pini tatu mdomoni.

Kuna jambo moja Mama Mchezo hakuwahi kulifanya tangu aanze kuandika. Hajawahi kumwambia mtu kisa ambacho hakijafika kwenye karatasi. Si mumewe alipokuwa hai, si wanawe, si Bosi. Aliamini kikisemwa kinaharibika, na pia, tuseme ukweli, alipenda kuwa yeye peke yake ndiye anayejua. Alisimama katikati ya majora yale ya kitambaa, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Basi nishikie wewe," alisema.

Dada yake alitoa pini mdomoni. Alizima pasi. Akavuta kile kiti cha mapumziko, akakaa yeye, mikono magotini.

"Anza," alisema. "Polepole. Mimi sina kichwa chako."

"Kuna mwanamke mmoja, jirani. Ana tarumbeta. Ameegemeza ngazi ukutani kwake, amepanda juu ya bati, mchana, watu wanamwona."

"Mwanamke. Ngazi. Tarumbeta. Yuko juu ya bati," dada yake alirudia, akikunja kidole kwa kila kimoja. "Amevaa nini?"

"Kandambili."

"Kandambili," alisema Dada Mkubwa, akakunja kidole cha tano na kukibana kwa mkono mwingine kisifunguke. "Nimeshika. Endelea."